Dawa ni Amana: Nasaha kwa Wanaomeza Dawa Bila ya Kuuliza

Bismillahi Rahmani Rahim. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Enyi ndugu zetu Waislamu,

Darasa letu limekuwa likisoma milango ya utabibu katika vitabu vya Hadithi, na katika kusoma huko tumeona yapasa tuseme neno juu ya jambo ambalo wengi wetu twalifanya mara kwa mara, wala hatulihisabu kuwa ni jambo la dini. Jambo lenyewe ni kutumia zile dawa ziitwazo antibayotiki, au viuavijasumu: amoksilini, doksisaiklini, siprofloksasini na nyinginezo za namna hiyo. Sheria ya nchi yataka zitolewe kwa cheti cha daktari, nasi twazinunua kama tununuavyo kiberiti.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mungu amrehemu, aliyetoa mjini Mombasa karatasi za Sahifa na Al-Islah katika miaka ya 1930, aliwataka Waislamu wa Pwani waache kufuata mambo bila ya dalili na washike elimu. Leo wengi wetu tumeivua hirizi shingoni, na twadhani tumekwisha okoka na ujinga. Lakini natutazame vizuri. Mtu aliyekuwa akifunga hirizi hakujua imeandikwa nini ndani yake, wala ni ya ugonjwa gani, wala kwa nini imfae yeye. Aliambiwa na jirani kuwa ilimfaa, akaivaa. Na mtu wa leo ameza kidonge cha rangi mbili, hajui kina nini, wala ni cha ugonjwa gani. Ameambiwa na jirani kuwa kilimfaa, akakimeza. Basi kimebadilika nini ila mahali pa kutundika? Ile ilikuwa shingoni, na hii imo tumboni. Ujinga ni ule ule.

Hatusemi haya kuwavunja watu moyo wa kutafuta dawa. Kutafuta dawa ni amri. Usama bin Sharik amepokea, na wameitoa Abu Daud na Tirmidhi, kuwa mabedui walimwuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, naye akawaamrisha wajitibu, na akawajulisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea na dawa, isipokuwa uzee. Basi anayesema kuwa kumeza dawa ni upungufu wa tawakali amekosa, na anayemeza bila ya kuuliza naye amekosa. Njia ya haki iko kati ya wawili hao.

Yaliyotokea katika milima ya Kisii na Nyamira

Tumechagua mfano wa Kisii na Nyamira, na huenda msomaji wa Pwani akauliza: yatuhusu nini ya huko, nasi tu mbali nao kwa zaidi ya kilomita 700? Jawabu ni kuwa huko wako Waislamu wenzetu, Wanubi na wafanya biashara na wenyeji waliosilimu, na wako watoto wetu waendao kwa kazi na masomo. Kwenda na kurudi hakukatiki. Yale mawe laini yachongwayo Tabaka, katika nchi ya Kisii, huuzwa kwa watalii katika mji wa Mombasa. Jiwe likisafiri, mchukuzi wake husafiri nalo, na maradhi husafiri na mchukuzi.

Nchi ile ni ya milima na mvua, migomba na mashamba ya chai, na watu wake wamebanana. Mji wa Kisii uko kadiri ya mita 1,700 juu ya bahari, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi. Kwa sababu ya baridi hiyo, malaria haikukaa huko mwaka mzima kama inavyokaa kwetu, na miili ya wenyeji haikuizoea. Kwa hivyo inapoingia kwa mkupuo hulaza wakubwa na watoto pamoja, kama ilivyokuwa katika miaka ya 1990.

Zama zile dawa iliyotegemewa ilikuwa ni klorokwini. Ilikuwa chungu na rahisi, ikipatikana mpaka katika duka la sukari na sabuni. Watu waliimeza kwa kila homa. Huyu vidonge viwili, huyu kimoja, na yule akaviweka vilivyobaki kwa homa ya mwaka ujao. Vijidudu vya malaria, ambavyo katika nchi nyingi za dunia vilikwisha kuizoea, vikaizoea na hapa. Hata ulipofika mwaka 1998 Serikali ya Kenya ikaiacha kuwa dawa ya kwanza ya malaria, ikaweka mahali pake dawa za jamii ya salfa. Haikupita miaka saba ila hizo nazo zikadhoofika, na mwaka 2004 ikaamuliwa itumike dawa ya mseto, ambayo ni dawa mbili katika kidonge kimoja. Katika umri wa kijana mmoja zimetutoka dawa mbili.

Klorokwini si antibayotiki, wala malaria haitibiwi kwa amoksilini. Lakini kanuni ni moja: kijidudu kilichopigwa kipigo kisichotosha huweza kuokoka, na kilichookoka huzaa kizazi kisichoijali silaha ile. Lililoipata klorokwini laweza kuzipata dawa za kifua, za kidonda, za homa ya matumbo na za mama mzazi, na limekwisha anza kuzipata. Wataalamu wamekadiria kuwa katika mwaka 2019 pekee watu 1,270,000 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria zilizoshinda dawa. Na Serikali ya Kenya, kwa kuliona hilo, ilitoa sera na mpango wa taifa zima juu ya jambo hili mwaka 2017.

Homa si ugonjwa mmoja

Mtu akiwa katika baridi ya Keroka au Nyansiongo hupatwa na kikohozi, mafua na homa. Huenda kwenye duka la dawa akasema: nipe ya kifua. Hupewa vidonge vinne au sita katika kikaratasi. Siku ya tatu mafua yakaondoka, naye akasema: dawa imenifaa. Kumbe mafua yaletwa na virusi, na antibayotiki haina kazi yoyote kwa virusi. Yangaliondoka hata angalikunywa maji ya tangawizi. Fedha yake imepotea, na bakteria zilizo mwilini mwake, ambazo hazikuwa na kosa, zimefundishwa vita.

Au huambiwa ana malaria na taifodi kwa pamoja, neno ambalo limekuwa la kawaida bara na Pwani. Yafaa msomaji ajue kuwa kile kipimo cha damu kiitwacho Widal, kilichoanzishwa mwaka 1896, chaweza kumwonyesha mtu kuwa ana homa ya matumbo hali hana, na hasa katika nchi ambazo watu walikwisha kutana na ugonjwa huo zamani. Kipimo chenye kutegemewa zaidi ni kuiotesha damu katika maabara ili bakteria yenyewe ionekane. Kazi hiyo yataka hospitali na yataka subira ya siku kadhaa. Basi mwenye homa isiyokwisha naaende kwenye hospitali yenye daktari na maabara, kama vile Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira kwa walio huko, wala asizunguke kutoka duka hili hadi lile akikusanya vikaratasi. Mficha maradhi, wamesema wazee, kifo humuumbua.

Na kuuliza si jambo dogo katika dini yetu. Jabir amesimulia, na imo katika Abu Daud, habari ya mtu aliyepasuliwa kichwa kwa jiwe akiwa safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopewa habari aliwalaani wale watu kwa kumwua mwenzao, na akabainisha kuwa dawa ya kutojua ni kuuliza. Tazameni: hawakumpiga wala hawakumtilia sumu. Walitoa shauri bila ya elimu tu. Na kati yetu nani hajampa jirani yake shauri la dawa bila ya elimu?

Hadithi ya asali

Katika Bukhari na Muslim iko Hadithi ya Abu Said al-Khudri, ya mtu aliyekuja kwa Mtume (S.A.W.) kushitakia ugonjwa wa tumbo la ndugu yake. Akaamrishwa amnyweshe asali. Akaenda, akarudi akasema kuwa haikumfaa kitu. Akaamrishwa ampe tena. Akarudi mara nyingine kwa maneno yale yale, na kila mara Mtume akamrudisha kwenye asali ile ile, mpaka yule mgonjwa akapona.

Ibn al-Qayyim, katika kuieleza Hadithi hii ndani ya Zad al-Ma'ad, ametoa faida kubwa. Amebainisha kuwa dawa ina kipimo chake kulingana na ugonjwa: ikipungua haiondoi ugonjwa, na ikizidi hudhoofisha mwili. Ndiyo maana ya kuamrishwa kurudia. Mwanachuoni huyu alikufa mwaka 1350, kabla ya mtu yeyote kuiona bakteria kwa jicho, na maneno yake ndiyo yale yale ayasemayo daktari wa leo anapokuambia usiikate dawa kwa shauri lako.

Na aliyeigundua penisilini mwenyewe, Alexander Fleming, alitahadharisha mapema. Aliigundua mjini London mwaka 1928, na alipopewa zawadi ya Nobel mwaka 1945 alipiga mfano wa mtu mwenye maumivu ya koo. Mtu huyo anunua penisilini mwenyewe, atumia kiasi kisichotosha kuviua vijidudu bali chatosha kuvifundisha kuishinda dawa, kisha amwambukiza mkewe. Mke apatwa na ugonjwa wa mapafu, atibiwa kwa penisilini, nayo haimfai, akafa. Fleming akauliza ni nani mwenye lawama ya mauti hayo, na jawabu lake ni kuwa ni yule mume.

Hapa ndipo ilipo nasaha yetu. Madawa mengine ukiyatumia vibaya, aghlabu wajidhuru nafsi yako. Antibayotiki ukiitumia vibaya wamdhuru na asiyehusika: mkeo, mtoto wa jirani, mama aliye katika wodi ya uzazi usiyemjua hata jina. Kwa hivyo dawa hii haimilikiwi na aliyeinunua peke yake. Ni amana ya watu wote mkononi mwako.

Sisi watu wa Pwani tunajua mambo ya vyombo. Basi tuikumbuke Hadithi ya Nuuman bin Bashir katika Bukhari, ya watu waliogawana jahazi, hawa wakakaa juu na hawa chini. Walio chini wakaona uzito kuwapitia wenzao kila watakapo maji, wakafikiri kutoboa tundu katika sehemu yao. Mtume (S.A.W.) akabainisha kuwa wakiachwa wataangamia wote, na wakizuiliwa wataokoka wote. Anayesema: mwili ni wangu na fedha ni yangu, niache nimeze nitakavyo, huyo ameshika keekee, na sote tumo ndani ya jahazi.

Yampasayo mgonjwa

Kwanza, asitumie antibayotiki ila kwa amri ya daktari au mtaalamu wa afya aliyemwona. Asimeze iliyobaki ya mtu mwingine, wala asimpe mtu yake.

Pili, aseme kweli yote anapoulizwa. Kama penisilini iliwahi kumtoa vipele au kumvimbisha, aseme. Mwanamke mwenye mimba au anyonyeshaye aseme. Anayetumia dawa nyingine, hata za mitishamba, aseme. Doksisaiklini, kwa mfano, kwa kawaida hawapewi wajawazito, na watoto wadogo aghlabu huepushwa nayo kwa kuwa dawa za jamii yake huweza kuwatia rangi meno.

Tatu, aelewe maandishi ya kikaratasi kabla ya kuondoka dirishani. Kikiandikwa 1×3, maana yake ni kimoja kutwa mara tatu, na kutwa hapa ni saa ishirini na nne. Yaani baina ya kimoja na kingine zipite kadiri ya saa nane. Saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku ni mpango mwema. Kikiandikwa 1×2, Mwislamu hahitaji saa ya ukutani: baada ya sala ya Alfajiri, na baada ya sala ya Magharibi. Akisahau kimoja akimeze anapokumbuka, ila kama wakati wa kinachofuata umekaribia. Wala asimeze viwili kwa pamoja kulipa deni. Dawa si sala, haina kadha ya namna hiyo.

Nne, aulize juu ya chakula. Siprofloksasini haifai kumezwa kwa maziwa, wala dawa za jamii ya doksisaiklini hazipatani na maziwa, vidonge vya madini ya chuma na dawa za kiungulia, kwani huizuia isiingie mwilini. Doksisaiklini imezwe kwa maji mengi, na mtu asilale papo hapo, isije ikamchoma koo.

Tano, dawa ya unga ya mtoto itiwe maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka kwenye alama ya chupa, itikiswe kila mara, na ipimwe kwa kipimo chake, si kwa kijiko cha jikoni. Zikisha siku zilizoandikwa, imwagwe. Na vidonge visiwekwe penye joto na unyevu, na kwetu Pwani joto na unyevu ndio hali ya hewa yetu.

Sita, asiikate kwa kuwa amepata nafuu. Nafuu si kupona. Na kama anaona siku alizopewa ni nyingi, amwulize daktari, kwani magonjwa mengine siku chache zatosha na mengine, kama kifua kikuu, yataka miezi sita au zaidi. Wa kuamua ni mwenye elimu. Lakini akiona uso umevimba, pumzi inabana au vipele vimemtapakaa, aiache dawa na akimbilie hospitali saa ile ile. Na akiharisha sana, au akaona damu, arudi kwa daktari.

Mwezi wa Ramadhani

Wako watu wema ambao, wakipewa dawa ya mara tatu katika Ramadhani, huimeza yote baina ya futari na daku, au huiacha ya mchana wakidhani wamefanya taqwa. Hili si sawa. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 184 na ya 185, amempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Na katika aya ya 195 ya sura hiyo ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizi. Njia ni hii: mwambie daktari kuwa umefunga. Mara nyingi iko dawa ya mara mbili au mara moja kwa siku itakayokaa vizuri baina ya futari na daku. Ikiwa haiko, na ugonjwa wataka dawa mchana, basi fungua, jitibu, na ulipe. Aliyekupa faradhi ndiye aliyekupa ruhusa, na kuikataa ruhusa yake si ibada.

Yampasayo mwuzaji

Wengi wa wenye maduka, hapa na huko bara, ni ndugu zetu. Twawakumbusha kuwa Abu Daud, Nasai na Ibn Majah wameitoa Hadithi iliyothibitisha kuwa anayejitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu, ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Duka la dawa sharti liwe na leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu, na aliyesimama ndani yake awe na elimu ya kazi hiyo. Anayeuza vidonge vinne vya dawa ya vidonge kumi na vitano, kwa kuwa mnunuzi ana fedha ya vinne tu, hakumhurumia. Amemwuzia ugonjwa wa kesho.

Yawapasayo wenye mali

Hapa masikini ana hoja, nayo ni hoja ya kweli. Husema: kumwona daktari kwataka fedha, na dawa yote yataka fedha, mimi nina fedha ya siku mbili, nifanyeje? Kumjibu kwa Hadithi za subira peke yake ni kumdhulumu. Kwanza aende zahanati au hospitali ya serikali, ambako gharama ni ndogo kuliko za watu binafsi. Lakini pale inapomshinda, neno hili latugeukia sisi. Fakiri na masikini ndio wa mwanzo kutajwa katika watu wanaopewa zaka, na dawa ya mtoto mgonjwa ni katika haja zao kubwa. Twajenga minara na kutandika mazulia, nalo ni jema. Lakini msikiti wenye mfuko mdogo wa kuwakamilishia wagonjwa dawa zao utakuwa umeihifadhi roho ya mmoja na amana ya wengi. Twapendekeza kila kamati ya msikiti, hapa Pwani na kwa ndugu zetu wa Kisii na Nyamira, ilizungumze jambo hili kabla ya Ramadhani ijayo, wakati watu watoapo zaka zao.

Enyi ndugu, klorokwini ilikwenda na hatukumwona yeyote akiisindikiza. Iliondoka kidonge kwa kidonge, nusu kwa nusu, kila mmoja akidhani nusu yake haina uzito. Zilizobaki mikononi mwetu nazo zitaondoka hivyo hivyo, ila tukizishika kama ishikwavyo amana: kwa kuuliza, kwa kipimo, na kwa kukumbuka kuwa kuna mwenye haki nyuma yetu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na wagonjwa wa Waislamu na wa watu wote, atupe elimu yenye manufaa, na atujaalie tuwe miongoni mwa wasikiao maneno wakayafuata yaliyo mema. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.